Karibu ya Kafedha

Kafedha wa mtaa wa Mjambere, Kisauni, hakuwa na ugomvi na Mungu. Ugomvi wake ulikuwa na watu wasioitikia hodi. Mtu akipiga hodi, aitikiwe. Ukiwa unakula, itikia. Ukiwa na homa, itikia, kisha rudi kwenye homa yako. Na mgeni naye apige mara tatu, asipojibiwa ashike njia bila kinyongo. Ndivyo alivyolelewa kwao Kaloleni, na ndivyo alivyomlea kitinda mimba wake Lavender, msichana ambaye hata ukimwita akiwa bombani mwisho wa mtaa, "Abee, mama!" yake utaisikia.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa watawa mlangoni.

Walikuja watatu, masista wa Kikatoliki kutoka bara, wakapanga ile nyumba inayotazamana na karai la Kafedha, ambalo kila alasiri hukaangiwa viazi vinavyopendwa mtaa mzima. Mkuu wao, Sista Nyambura, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alivuka kichochoro kuja kujitambulisha.

"Shikamoo, mama. Sisi ni watawa, majirani zako."

"Marahaba, mwanangu. Watawa wa wapi wasio na ukuta wala shamba?"

"Zamani watawa walikimbilia jangwani. Siku hizi jangwa liko mijini, mama, nasi tumelifuata. Tunapanga nyumba kama watu wengine, tunafanya kazi nusu siku kama watu wengine, na tunasali asubuhi, adhuhuri na jioni."

Kafedha alilitazama dimbwi la mvua lililoziba kichochoro kizima. "Basi Mungu kawaonea huruma. Jangwa lenu limejaa maji."

Mansur mwenye duka la pembeni, mzaliwa wa Mvita asiyekubali Kiswahili cha mtu yeyote, naye alikuwa na lake. "Bi Kafedha, kwetu sisi mtawa ni mwanamke atawaye ndani, hata jua halimwoni. Hawa kila asubuhi nawaona steji wakingoja matatu. Mtawa gani huyo, wallahi?"

Na kweli kila asubuhi walitoka. Nyambura aliuza dawa katika famasia, Florence alishona sare kwa fundi mmoja, na Carolyne, mrefu kuliko mlango wao wenyewe, alifundisha chekechea Utange. Lakini alasiri walitawa hasa. Wakirudi kutoka kazini walisali, kisha wakakaa kimya mpaka sala ya jioni, kimya cha kusikia nzi akitua. Hicho ndicho kilichowakosanisha na Mjambere.

Kwa maana watu walikuja. Walikuja akina mama wenye wagonjwa, na wasichana waliotaka kujua maisha yale yakoje. Walisimama mbele ya mlango ulioachwa wazi, wakapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndani masista walikuwa wakimsikiliza Mungu, si mtu. Kengele ya kubonyeza ilikuwepo ukutani, lakini nani Pwani atabonyeza kitu na mdomo anao? Wageni wakaondoka, na Kisauni nzima ikaambiwa kwamba masista wale wana maringo ya bara.

Siku moja Florence alikuja kununua viazi, macho mekundu. Askofu alikuwa amewapa mpaka Pentekoste ya mwaka unaofuata. Ikifika hiyo siku na hakuna hata msichana mmoja wa Pwani aliyejiunga, nyumba itafungwa na wao warudi Nairobi.

"Na hawaji, mama. Wanafika mlangoni wanarudi. Sijui tumewakosea nini."

Kafedha alimwongezea kiazi. Alikuwa ameshawapenda wale wanawake, na kuwapenda kwenyewe kulimuudhi. Isitoshe, Pentekoste hiyo alikuwa na mipango yake: kabla haijafika, Lavender awe ameolewa na Kiponda, kijana mpole afanyaye kazi stesheni ya treni kule Miritini, na wajukuu wafuate. Kafedha alikuwa na hamu ya wajukuu mpaka akiwaona watoto wa watu aliwapa viazi bure.

Kesho yake mama mmoja alisimama kwa watawa akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Kafedha alijikaza, akageuza viazi, akajikuna shingo. Hodi isiyoitikiwa ilimwasha mwili mzima. Ilipokuja ya tatu, mdomo wake haukumngoja.

"Karibuuu! Pita ndani, mwanangu, pita!"

Yule mama hakujua sauti imetoka wapi. Akaingia. Akawakuta masista watatu wamekaa, naye akakaa. Alitoka jua limeshapoa, kope zimelowa, akasema hajawahi kupumzika vile tangu aolewe. Siku ya pili akamleta dada yake.

Hapo Kafedha akanogewa. Kila hodi akaiitikia, na hakuchagua. Alimkaribisha muuza kuku, pamoja na kuku. Alimkaribisha fundi wa televisheni aliyekosea nyumba. Alimkaribisha mgombea udiwani, bwana ambaye mdomo wake haukuwahi kuona sikukuu, akaingia kuomba kura akakuta watu hawamjibu. Alihutubia, akapunguza sauti, akanyamaza, akalala fofofo kitini mpaka alipoamshwa na zaburi za jioni.

Sista Nyambura alivuka kichochoro, miwani imempanda hadi kwenye paji la uso.

"Mama Kafedha. Nani anasema karibu nyumbani kwangu?"

"Mimi. Ninyi kanuni yenu inawazuia kusema. Mimi inanizuia?"

Sista alifikiri. Kanuni haikuwa na neno lolote juu ya mkaanga viazi.

"Haya. Lakini yule mgombea anataka kurudi kesho. Akija, mwambie asiingie."

"Siwezi. Nilishamkaribisha." Kafedha alinyanyua kijiko cha karai kama mtu anayeapa. "Sikiliza, mwanangu. Karibu ikishatoka mdomoni haiondolewi. Hata ukimkaribisha mwizi, mpe kiti kwanza, ndipo upige kelele. Sivyo, Lavender?"

"Ndivyo, mama," alijibu Lavender, aliyekuwa akimenya viazi nyuma yake, akacheka peke yake.

Sista Nyambura naye alicheka, na alipocheka alionekana msichana. Alieleza kwamba kila nyumba ya watawa huwa na bawabu wa kupokea wageni kana kwamba ni Kristo mwenyewe. Wao walikuwa wamekosa bawabu, kumbe yuko ng'ambo ya dimbwi. Tangu siku hiyo Kafedha aliitwa Bawabu, akaringa nacho cheo hicho hata kanisani, mahali alipokuwa akienda Krismasi na Pasaka tu.

Karibu zake zilizaa. Mercyline wa Miritini aliingia kuomba maji, akarudi na sanduku. Cindy wa Utange alikuja kuwacheka, akabaki kujifunza zaburi. Pentekoste haijafika, masista walishapanga na nyumba ya pili, na watu wa Likoni walikuwa wakiuliza na wao wataletewa lini. Askofu alipokuja kuona, alipiga hodi, akaitikiwa na karai. Akala viazi sita.

Katika furaha yote hiyo Kafedha hakuona lililokuwa puani pake. Lavender ndiye aliyewapelekea watawa viazi kila jioni, na kila jioni alichelewa kidogo zaidi kurudi. Alianza kumenya viazi bila redio. Akiulizwa anawaza nini, anatabasamu. "Anamuwaza Kiponda," mama mtu aliwaambia wateja, akichekelea.

Watu wa Kiponda walitazamiwa Jumapili kuja kuposa. Alhamisi, karai lilikuwa limechemka, wateja wamejaa, na Kafedha alikuwa ameinama akigeuza viazi visishikane.

"Hodi," ilisema sauti ya chini kwa watawa.

Kafedha alitoa viazi, akatia vingine.

"Hodi."

"Mansur, nipunguzie hiyo redio yako! Nasikia hodi?"

"Hodi."

"Karibuuu! Pita ndani, mwanangu, hapo ni kwako!"

Ndipo akainua uso. Mlangoni kwa watawa alisimama msichana aliyejifunga leso ya rangi ya chungwa, na begi mkononi. Leso ilikuwa ya Kafedha. Begi lilikuwa la Kafedha.

"Lavender!"

"Abee, mama." Hakutazama chini. Alikuwa akitabasamu lile tabasamu la kumenya viazi. "Umenikaribisha mwenyewe. Mbele za watu." Akaingia.

Mansur, aliyekuwa ameegemea kaunta yake, alifungua mdomo aseme kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, akauona uso wa jirani yake, akaufunga.

Kafedha aliumia. Aliwaona wale wajukuu wake wote, mmoja mmoja, wakigeuka na kwenda zao. Kisha hasira ikampanda, akavuka dimbwi viatu na vyote kwenda kumtoa mtoto wake. Alifika kizingitini, akasimama. Nyumba ya mtu haivamiwi, hata ukiwa umeibiwa.

"Hodi," akasema.

Kimya. Alimwona Lavender kwa ndani, amekaa mkekani kati ya Mercyline na Cindy, begi mapajani.

"Hodi!"

Kimya. Hapo ndipo lilipomjia kwamba mwenye kazi ya kuitikia hodi ya nyumba ile ni yeye, naye yuko nje anabisha. Duniani hapakuwa na mtu wa kumkaribisha. Hodi ya tatu ilitoka ndogo, hodi ya mtu anayeomba. Asipojibiwa hiyo, angegeuka aende zake, na yeye alijua angegeuka kweli.

"Karibu, mama," akasema Lavender.

Kanuni ya watawa ilivunjika hapo hapo, siku ya kwanza, dakika ya kwanza. Sista Nyambura hakuinua kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au ni kilio. Kafedha alivua viatu vyenye matope. Aliingia akiwa na maneno mengi, mengine makali, akamfikia mwanawe, akakaa chini kando yake amshike mkono ndipo aanze kuyasema. Mkono ulikuwa wa moto na ulinuka viazi. Alisahau lipi lilikuwa la kwanza.

"Bi Kafedha!" Mansur alipiga ukelele kutoka dukani. "Viazi vinaungua, wallahi! Bi Kafedha!"

Aliita mara tatu. Kafedha alimsikia vizuri sana, asiitikie.