Mkwe wa Ghanim

Ndugu yangu Ghanim ana ulimi mrefu wa kujisifu na mfupi wa kusema kweli. Nimemlea mimi, dada yake Masouda, tangu mama yetu alipofariki, kwa hiyo haki ya kumsema ninayo, na nitamsema. Mtu mzima wa miaka sitini na tatu, mstaafu wa wizara, ana nyumba ya ghorofa mbili huko Al Amerat, nje ya Muscat, ana majlis ya kupokelea wageni yenye mazulia ya Kiajemi na mito ya kuegemea kila upande, lakini ujasiri wake haujazi kikombe cha kahawa.

Kwa miaka miwili mtaa wetu ulishibishwa habari za Amerika. Binti yake Lamya, ambaye ni mfamasia, alikuwa akifanya kazi Dubai, na huko akaposwa na Mmarekani. Basi Ghanim hakulala. Msikitini Amerika, kliniki Amerika, kwa muuza samaki Amerika. "Mkwe wangu mhandisi wa kompyuta. Mmarekani wa kuzaliwa, si wa karatasi." Wanawake wakaanza kuniuliza wajukuu watakuwa na macho ya rangi gani. Ghanim naye alikuwa akiulizwa hayo hayo, akitabasamu tu na kuangalia pembeni.

Tulikwenda Dubai kwenye ndoa mimi na yeye, basi. Bwana harusi alikuwa Idris Coleman, mtu wa Memphis, Mwislamu tangu kwa babu yake, mrefu, mpole, mweusi kunizidi mimi, na mimi si haba. Ghanim akamwozesha mkono kwa mkono mbele ya kadhi na mashahidi wawili wasiomjua. Alifurahi siku ile, sitaki kumsingizia. Alimkumbatia kijana na kumwita mwanangu. Dubai hakukuwa na mtu wa kumwonea haya.

Tuliporudi hakufanya walima. Kwetu mtu akiozesha binti huwaita wanaume wa mtaa, wakala wali na nyama, wakajua kuwa fulani kamwoa binti wa fulani, na ndoa ikawa na masikio. Ghanim akasema atafanya wakija. Walipokuja hakufanya.

Walikuja kwa sababu kampuni ya Idris ilifungwa, na ikama yake, kibali cha kukaa Dubai, ikafa nayo. Lamya akaona afadhali warudi kwao Muscat, apate kazi hospitali, amwombee mumewe ukaazi chini ya kafala yake yeye, yaani yeye ndiye awe mdhamini. Sheria inamruhusu mwanamke wa Kiomani. Kazi akaipata, maombi akayaanza. Lakini kafala hiyo ilimkaa Ghanim kooni.

"Dada, mume awe chini ya kafala ya mke?" aliniambia. "Watu wanaozesha Wamarekani, binti zao wanakwenda Amerika. Wangu mimi kaniletea Amerika nyumbani na mabegi mawili!"

"Si ulimtaka Mmarekani?" nikamwambia. "Huyo hapo. Mpokee."

Wiki ya kwanza tu ndipo alipoiharibu kazi. Tulikuwa tumetoka sokoni Mutrah, Idris kaendesha gari kwa sababu macho ya Ghanim hayafai tena milimani. Tulipofika, kijana akateremsha gunia la mchele, akaliweka begani. Harub akatoka. Harub ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mstaafu wa jeshi, ambaye kazi yake siku hizi ni kusimama mlangoni kwake na kujua nani kaingia kwa nani. Idris, kwa Kiswahili alichofundishwa na mkewe, akamsalimu vizuri sana: "Shikamoo mzee."

"Marhaba, marhaba," Harub akaitikia, kisha akamgeukia Ghanim. "Mabruk yakhe, umepata dereva. Wa wapi huyu, Tanga?"

Nilikuwa hapo hapo nimeshika mfuko wa vitunguu. Nikamtazama ndugu yangu, nikingoja acheke, amwambie Harub, wee, unanchezea, huyu mkwe wangu. Ghanim akasema: "Alhamdulillahi, nnamshukuru Mungu. Kijana mzuri." Akaingia ndani. Idris alikuwa keshapita na gunia, hakusikia.

Na mimi nikacheka. Ninaliandika hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kile kicheko cha kumaliza maneno mbele ya jirani, nikaingia na vitunguu vyangu.

Ndani nikamshika. "Ghanim, umesema nini pale nje?"

"Sijasema kitu. Kasema yeye."

"Na wewe ukamwachia."

"Dada, Harub anavyojua, Mmarekani ni mtu wa namna gani? Nnamwambiaje leo? Nitamweleza polepole, inshallah."

Polepole hiyo ikachukua miezi minane. Nilikuwa nikimtazama nikikumbuka mwaka sabini na nne, tulipofika Muscat kutoka Unguja, yeye mtoto wa miaka kumi na miwili na Kiarabu cha kuokoteza. Wenzake darasani walimwita Zanjibari, wakamwuliza kama kwao watu wanalala juu ya miti. Alirudi nyumbani analia, mimi nikimfuta machozi kwa mtandio wangu. Leo yeye ndiye anayemwonea haya mtu kwa rangi ambayo wenzake walimchekea yeye. Kama si dharau niliyonayo kwake, ningemhurumia.

Harub naye hakuchelewa kuzoea. "Ghanim, niazime dereva wako anipeleke Bustan, nna harusi hotelini." "Ghanim, dereva wako anapita bandarini?" Ghanim akaazima. Idris akaenda, masikini, akidhani ndiyo heshima ya ujirani wa kwetu. Siku moja Harub alimpa riyali mbili mkononi. Kijana akaona ni zawadi ya mzee, akaona haya kupokea bure, kesho yake akampelekea Harub boksi la tende. Harub akamwambia Ghanim kuwa hajapata kuona dereva mwenye adabu kama yule. Ghanim akaja kunihadithia anacheka. Nikanyanyuka nikaenda zangu jikoni.

Lamya hakujua lolote. Zamu zake hospitali zilimtoa alfajiri zikamrudisha usiku, na siku za mapumziko alizimalizia ofisi ya ikama. Cheti cha ndoa kikathibitishwa, vipimo vya afya, barua ya kazi, yote tayari. Kila viza ya matembezi ya Idris ilipokaribia kwisha, alivuka mpaka akarudi na nyingine, mpaka safari ya mwisho akaambiwa basi, mara hii hairudiwi. Zilibaki siku kumi. Na ofisi ilikuwa imebakiwa na karatasi moja: barua ya sheikh wa mtaa kuthibitisha kuwa anawajua hawa kuwa mke na mume na wanakaa mtaani kwake.

Sheikh wetu ni Yaqdhan, mtu wa maneno machache, hatii muhuri jambo asilolijua. Lamya alikwenda kwake na karatasi mkononi akiwa na sare zake za kazi. Alirudi baada ya nusu saa. Alisimama katikati ya ukumbi hajavua viatu.

"Baba," akasema. "Sheikh kaniuliza vipi namletea barua ya ndoa na dereva wako. Kaniambia, binti yangu, wewe ni mtoto wa watu, usije ukatumiwa na mfanyakazi anayetafuta karatasi. Kaniambia hata Ami Harub anamjua kwa udereva. Kwa nini Ami Harub anajua kuwa mume wangu ni dereva?"

Ghanim akatafuta tasbihi yake mfukoni. "Wamekosea, mwanangu. Watu wanakosea."

"Tangu lini?"

Akaanza kuhesabu punje. Lamya akanitazama mimi. "Shangazi, ulikuwa unajua?"

Mimi niliyekuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana mia sita, nikainamisha kichwa kama mmoja wao aliyekutwa na simu.

Lamya hakupiga kelele. Ningependa apige. Alisema tu: "Baba, neno moja. Nenda kwa Sheikh, useme huyu ni mkwe wangu, nimemwozesha mimi. Asipopata barua, wiki ijayo anaondoka. Na akiondoka sitabaki."

"Nitakwenda, inshallah," akasema Ghanim.

Jumapili hakwenda, kichwa kilimuuma. Jumatatu alisema Sheikh ana wageni. Jumanne alikwenda mpaka kwenye kona ya msikiti, nikamwona kwa macho yangu kutoka dirishani, akasimama, akaongea na mtu mwingine, akarudi. Nilimwambia maneno ambayo sijamwambia tangu alipokuwa mtoto. Akasema nisimharakishe, jambo hili linataka hekima. Woga wa ndugu yangu siku zote umevaa joho la hekima.

Jumatano baada ya sala ya alasiri Sheikh Yaqdhan akaja mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo. Alimleta na Harub, awe shahidi. Wakaingia majlis, mimi na Lamya tukakaa chumba cha pili, mlango uko nusu wazi. Idris akaingia na birika ya kahawa. Alikuwa keshajua yote, Lamya alimwambia usiku wa siku ile aliyotoka kwa Sheikh. Lakini mkewe aliwahi kumfundisha kuwa nyumba ikijiwa na wageni, mtoto wa kiume wa nyumba ndiye anayemimina, na Ghanim hana mtoto wa kiume. Basi akavaa dishdasha yake safi akamimina, birika mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, akianza na Sheikh kama inavyotakiwa.

Sheikh akapokea kikombe, hakunywa. Akasema kwa Kiarabu, taratibu, kila mtu asikie: "Ghanim, nimekuja ili binti yako asipate tabu ya kunifuata tena. Sikula walima hapa, sikusikia ndoa hapa, nimesikia dereva. Pengine nimesikia vibaya. Karatasi ninayo, na muhuri ninao. Niambie mbele ya Harub: huyu anayenimiminia kahawa ni mume wa binti yako?"

Idris Kiarabu chake ni cha Kurani na salamu, lakini swali lile alilielewa. Alisimama na birika akamtazama baba mkwe wake.

Mimi nilimwona Ghanim kwa upenyo wa mlango. Alimtazama Harub. Hakumtazama Sheikh wala Idris. Harub alikuwa kaegemea mto anatabasamu, tabasamu la mtu anayengoja hadithi ya kwenda kuipeleka. Neno ni moja, naam. Mtoto wa miaka mitatu analijua.

"Sheikh," akasema Ghanim, "kunywa kahawa kwanza."

Sheikh akakitikisa kikombe kwa adabu, kama anavyofanya mtu aliyetosheka, akamrudishia Idris kikiwa bado kimejaa, kahawa ikamwagikia kijana vidoleni. Akanyanyuka. Nilifungua mdomo. Sauti iliyokuwa ikinyamazisha uwanja mzima wa skuli haikutoka, kwa sababu na mimi nilimfikiria Harub. Nilimdharau Ghanim pale, nikajidharau mimi zaidi.

Lamya hakungoja. Aliingia majlis mbele ya wanaume, akamchukulia mumewe birika, akaiweka chini. "Ami Yaqdhan," akasema, "usijisumbue kuandika. Baba keshajibu."

Jumamosi waliondoka. Lamya alikuwa na viza yake ya Amerika tangu Dubai. Ghanim hakwenda kiwanja cha ndege, alisema miguu imemvimba. Nilikwenda mimi, na Lamya aliniruhusu nimbusu. Idris alinibusu mkono, akasema "Shikamoo, shangazi."

Sasa sikilizeni. Haikupita wiki mbili Ghanim akapona miguu, na ulimi ukarudi. "Lamya yuko Amerika," aliwaambia msikitini. "Mume wake kamchukua. Mkwe wangu Idris, yule yule mliyekuwa mkimwona, ni Mmarekani, mhandisi. Nimemwozesha mwenyewe Dubai." Alilisema kwa sauti, mbele ya safu nzima, Harub akiwemo. Harub akampa mkono, akasema mabruk, na kwamba yeye tangu mwanzo aliona yule kijana si dereva wa kawaida. Walikaa wakazungumza Amerika mpaka magharibi. Bahari mbili zilitosha kumtia ndugu yangu ushujaa.

Sheikh Yaqdhan alikuwa safu ya mbele. Alisikia yote. Kesho yake aligonga mlango wetu, akampa Ghanim bahasha, akakataa kuingia. "Umeshuhudia mbele za watu," akamwambia. "Haki ya binti yako iandikwe." Ilikuwa barua, imetiwa saini na muhuri: Lamya binti Ghanim na Idris Coleman, mke na mume, wakaazi wa mtaa huu.

Ghanim alikuja nayo mbio chumbani kwangu, uso umemnawiri. "Dada, piga picha, mpelekee. Mwambie wote wawili warudi. Mwambie baba yake kasema."

Nikapiga picha, nikapeleka. Jibu lilikuja baada ya saa mbili, sauti ya Lamya, nikaifungulia ili naye asikie.

"Shangazi, nimeiona. Mshukuru Sheikh. Mwambie Baba sisi haturudi. Jana tulikuwa ofisini, Idris ananiombea mimi ukaazi wa huku. Afisa akamwuliza mimi ni nani wake. Shangazi, hakumwacha hata amalize swali, keshasema mke wangu. Nikalia mbele ya watu, wakadhani naumwa."

Ghanim aliniomba nizime. Nikaanza tena mwanzo, nikaongeza sauti.