Nusu ya Kaza

Mafundi wenzake walimpa jina la Kaza, na hakuna aliyebisha. Mshipi uliotoka mkononi mwake ukiudondosha mezani ulilia kama rula.

Si mishipi hii ya suruali. Ni ile mipana ya sufu, yenye nakshi za mishale, rangi za kuwaka na matamvua marefu, mtu anaizungusha kiunoni siku ya kupendeza. Haitaki mashine. Katikati ya chumba chao cha mbele palisimama nguzo yenye msumari. Nyuzi zilifungwa pale katikati ya urefu wake, kisha mume akasuka nusu yake kwenda huku, mke akasuka yake kwenda kule, kwa vidole vitupu. Kilichosukwa kilifungwa ndani ya kitambaa, na hakikufunuliwa mpaka pande zote mbili ziishe. Maisha yao yote ya ndoa mkewe aliukaza uzi kama yeye, na nusu zikatoka pacha.

Kisha kiharusi kikampiga mama wa watu mkono wa kushoto. Alipopata nafuu, kitinda mimba wao akaja na habari za ndoa.

"Nataka mshipi wenu nyinyi wawili," alisema binti. "Wa dukani siutaki hata kwa bure."

Mama yake akautazama mkono wake. "Haya. Ila nisikilizeni. Nikiboronga kwenye mshipi wa mwanangu, hapo ndiyo basi. Naacha kazi. Nitakaa jikoni niwapigie kelele."

"Kelele unapiga hata sasa," alisema Kaza.

Alitania, lakini aliogopa. Hakuwahi kusuka bila mtu upande wa pili wa nguzo, na hakutaka kuanza uzeeni.

Siku moja, kazi ikiwa katikati, mkewe alipokwenda hospitali kunyoosha mkono, Kaza akafanya jambo ambalo fundi hafanyi: akafunua kitambaa cha mwenzake. Usukaji ulikuwa umelegea kama soksi iliyochoka. Akaufunika haraka, akarudi kwenye stuli yake, akafumua nusu yake yote na kuanza upya kwa mkono mlegevu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukaza, kama mtu mwenye miguu mizima anayejifunza kuchechemea. Kila vidole vilipojisahau na kuvuta, alivitukana kimoyomoyo.

Siku ya kufunua, binti aliutandaza mshipi mezani. Nusu ya mama ilikuwa laini, pana, imelegea kweli, lakini imenyooka, na vichwa vya mishale vilipangana vizuri. Nusu ya baba ilikwenda upogo kama utumbo wa kuku. Mishale mingine ilielekea dirishani.

Binti alijiziba mdomo. Kicheko kikamtokea puani.

"Huu mkono wa nani?" aliuliza mama.

"Wangu," alisema Kaza.

"Mkono wako naujua mimi. Ulifunua kitambaa changu, baba watoto?"

"Nilichungulia tu."

"Ukaona nimelegea, na wewe ukalegea."

"Nilitaka tufanane. Ulisema ukiboronga unaacha."

"Tufanane!" Alishika kiuno kwa mkono mzima. "Mimi nimehangaika na mkono huu mpaka tumeelewana. Wewe mkono wako mzima unaugeuza kilema! Fumua."

"Yote?"

"Yote. Suka kama wewe."

"Nusu yangu itakuwa nyembamba, yako pana."

"Mimi ndiye mvaaji, baba," alisema binti, akijifuta machozi ya kicheko, "na nautaka hivyohivyo. Ila hii mishale ya dirishani, hapana, jamani."

Kaza akaanza kufumua. Alifumua kidogo, akatua, akauliza bila kuinua macho, "Na wewe? Ndiyo unaacha?"

"Niache?" Mkewe aliivuta stuli mpaka magoti yao yakagusana. "Nikuache peke yako uwavishe watu matumbo ya kuku? Watu watasema nimekufa. Polepole hapo, unaikata sufu!"

"Sijaikata."

"Unakaribia. Lete hapa, nishike upande huu."

Akashika kwa mkono wa kushoto. Kaza akavuta uzi taratibu, akitabasamu kama mjinga, na wala hakuharakisha.