Mkutano wa Maji Kupwa

Kwa miaka mitano diwani Tamimu alikuwa akija Mkokoni na maji na kuondoka na maji. Boti yake ilifika mkondo umejaa, akahutubia, akapigiwa vigelegele, na mara mtu aliponyoosha mkono kutaka kuuliza, msaidizi wake alitazama saa na kusema, "Mheshimiwa, maji yanakupwa." Mkutano ukaishia hapo. Nani abishane na maji?

Biasha alikuwa amenyoosha mkono mara nne. Swali lake lilikuwa moja tu: boti ya wagonjwa waliyoahidiwa uchaguzi uliopita iko wapi? Bintiye Sijaona alikuwa na mimba ya pili, miezi tisa inakaribia. Mtoto wa kwanza alifia mtumbwini, wakipiga makasia kuelekea zahanati ya ng'ambo, na Biasha ndiye aliyemviringisha kwenye khanga. Hakuwa tayari kuviringisha mwingine.

Zilipobaki wiki tatu kabla ya uchaguzi, mdogo wake Mshamu, mwenyekiti wa kitongoji, alimkuta uani akianika kamba aliowavua mkondoni.

"Dada, diwani anataka kuja Jumamosi. Nimwambie saa ngapi?"

Mshamu alikuwa mtu wa mihuri na barua. Mambo ya maji aliwaachia wavuvi wa kamba, na katika hao hakuna aliyemshinda dada yake. Biasha akahesabu siku za mwezi kwa vidole. Jumamosi maji yangejaa alfajiri. Kufika saa tatu na nusu mkondo ungebaki tope tupu, na usingepitika tena mpaka saa kumi jioni.

"Mwambie saa tatu," alisema, akaendelea kugeuza kamba wake.

Jumamosi boti iliingia ikitifua matope. Nahodha wake, mtu wa huku huku, alishaonya njiani akaambiwa aendeshe tu. Sasa aliyatazama maji, akamtazama Biasha, akakohoa, akatia nanga.

Tamimu alihutubia vizuri kama kawaida yake. Mikono ilipoanza kunyooka, msaidizi akatazama saa. "Mheshimiwa, maji yanakupwa."

"Yameshakupwa," alisema Biasha.

Watu wakageuka. Boti ilikuwa imelala ubavu juu ya tope kama mbuzi aliyeshiba. Kicheko kilichozuka hapo kilisikika mpaka msikitini.

Basi wakawa na diwani kutwa nzima, na unajua waliuliza nini? Mmoja aliomba jezi. Mwingine alitaka mwanawe atafutiwe kazi. Wa tatu alisimama kumsifu tu, akakaa. Biasha aliona aibu hadi masikioni. Miaka yote wamelalamika kwamba hawapewi nafasi, na nafasi imekuja wanaiombea jezi! Akasimama, akauliza la kwake.

"Mama yangu," alijibu Tamimu, "suala hilo lipo kwenye mchakato."

"Huo mchakato unakaa wapi, baba, nikaufuate?"

Watu walicheka, lakini Biasha hakucheka wala hakukaa. Tamimu alifuta jasho, akalitazama lile tope, akaona hana pa kwenda.

"Fedha zilikuja," alisema mwishowe. "Zikapelekwa kwenye barabara ya kule bara. Kule kuna watu wengi. Nyinyi hapa mna kura mia mbili na kumi."

Biasha aliumia, na papo hapo, kwa namna ambayo hakuipenda, akamheshimu kidogo. Lilikuwa jibu la kwanza la kweli kutoka kwake.

Saa saba jirani yake Habiba akaja mbio. "Biasha! Uchungu umemshika Sijaona!"

Kila jicho likaenda kwenye boti, injini pekee iliyokuwapo Mkokoni siku hiyo. Biasha akamshika mdogo wake mkono. "Nimeikwamisha mwenyewe," alimwambia Mshamu. "Ile saa tatu niliifanya makusudi."

Mshamu alimkazia macho. Ukali ukampanda, kisha ukashuka. "Isingekwama, saa hizi isingekuwapo," alisema. "Ingekuwa imesharudi naye. Njoo tumbebe mwanetu."

Walimlaza Sijaona gatini chini ya turubai, wakangoja. Tamimu naye aliketi pale pale, koti magotini, na kila kilio alikisikia. Muda wa saa tatu nzima! Maji yalipoinua boti, msaidizi akawa wa kwanza kuingia. Tamimu akamvuta shati. "Shuka, wapate nafasi. Tutalala huku."

Mtoto alizaliwa zahanati kabla ya magharibi, wa kike, analia kweli kweli.

Wiki mbili baadaye Tamimu alirudi, safari hii maji yamejaa tele. Picha ilishazunguka kwenye simu zote: diwani ampisha mzazi kwenye boti yake. Msaidizi akamwita Biasha mbele, yeye na mjukuu wake, atoe shukrani.

Biasha alisimama, machozi yakimlenga. "Mwanangu, ulibaki gatini ukampisha binti yangu. Sitasahau mpaka naingia kaburini." Vigelegele vikapigwa. Alivisubiri viishe. Alikuwa amelifikiria jambo hili usiku kadhaa: shukrani ni deni lake kwa mtu, nalo atalilipa kwa dua. Kura ni kitu kingine. "Ile ilikuwa boti yako. Ya kwetu, ya hawa mia mbili na kumi, inakuja lini?"

Msaidizi akatazama saa. "Mheshimiwa, maji…"

"Mimi pia nina swali," alisema Mshamu, mwenyekiti, mkono juu. Nyuma yake Habiba akanyoosha wake, na yule aliyeomba jezi, na wengine ambao Biasha hakuwahi kuwasikia wakiongea mkutanoni.

Tamimu aliiangalia mikono ile, kisha akageukia gatini alikokuwa nahodha, injini ikinguruma, tayari kwa safari.

Nahodha akazima injini.