Sufuria Zilizovuka Suam

Jentrix aligonga sufuria ya kwanza kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga ya pili, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kununua kwenye karakana ile ya Matisi, Kitale: alizirudisha zote mbili chini.

Abdihakim alimtazama, mchanga wa kalibu za kumiminia aluminiamu umemganda hadi viwikoni. Nje, gari la mizigo ambalo mama huyu alilikodi kutoka Bungoma lilikuwa limesimama, nyuma liko wazi, likisubiri kupakiwa.

"Sauti ni nzuri," Jentrix alisema. "Rakini hii bei, ndugu yangu, nitamwambia nani kule sokoni Lugulu?"

Abdihakim akaanza kueleza upya, kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kueleza mpaka ulimi ukaota sugu. Ilikuwa ile ada ya kaboni. Tangu ianze, kila karakana iliyosajiliwa ililipia moshi wa mafuta yaliyoyeyusha aluminiamu yake, na ada hiyo haikuwa na pa kwenda ila kwenye bei ya sufuria. Hakubisha kwamba moshi ni mbaya. Alikuwa amekohoa miaka mingi kiasi cha kutohitaji kufundishwa. Maofisa wa ada walimshauri ahamie gesi, akaulizia bei ya gesi, akakuta haiwezi. Kilichomchoma roho ni kwamba ng'ambo ya mto Suam, upande wa Uganda, mwendo wa asubuhi moja tu, hakukuwa na ada yoyote.

Jentrix alimsikiliza kwa adabu, kisha akaenda kwenye gari na kurudi na sufuria iliyofungwa kwa gazeti. Ilitoka Uganda, alisema. Ilikuwa nene, ililia vizuri ikigongwa, na bei yake ilikuwa ya chini hivi kwamba ilimfanya Abdihakim aone aibu kwa niaba ya mtu asiyemjua.

"Watu wananunua sufulia," Jentrix alisema kwa upole. "Moshi hawaurizi."

Abdihakim aliipindua. Kwenye sikio la kushoto, chini kidogo, kulikuwa na pengo dogo la kutosha ukucha. Alilipapasa. Akalipapasa tena. Pengo lile lilitokea siku sufuria yake ya kielelezo, ile aliyoizika mchangani kuchapa umbo la nyingine zote, ilipomponyoka ikagonga jiwe, na kwa uvivu hakuwahi kulijaza, kwa hiyo kila sufuria iliyotoka Matisi ilizaliwa nalo.

Hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyeinakili. Wepukhulu alikuwa mwenzake wa kushika chungu cha kuyeyushia aluminiamu kwa miaka mingi, na ada ilipobana, ndiye aliyeachishwa kazi. Abdihakim hakuwa na cha kumpa cha maana siku ile. Akachagua sufuria iliyo bora kuliko zote, akaitia kwenye gunia, akamwambia ampelekee mkewe. Na yeye, fundi mzima, hakukumbuka jambo ambalo kila mtu wa kazi hii analijua: sufuria iliyokamilika ni kalibu tosha. Unaizika kwenye mchanga, unaitoa taratibu, unamimina, na hapo hapo umepata pacha wake. Alikuwa amefunga karakana yake yote kwenye gunia na kuigawa.

"Mimi naenda huko huko kujaza gari," Jentrix alisema, macho chini. "Ukitaka kujionea, panda."

Akapanda. Alikaa ndani ya gari lililokuja kuchukua sufuria zake, likimpeleka kwa aliyezinyakua.

Mpakani Suam alitaka kucheka akashindwa. Pikipiki zilikuwa zikivuka na mitungi ya oili chafu kutoka gereji za Kitale, ile ile aliyozoea kuinunua yeye ya kuwashia tanuri, na nyingine zikirudi na sufuria zilizofungwa tatu tatu. Alidaiwa kitambulisho. Moshi haukudaiwa kitu.

Karakana ya Wepukhulu ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya shamba la mahindi, karibu na mto. Tanuri lake lilifuka moshi mweusi kuliko wowote uliopata kutoka Matisi. Wepukhulu alipomwona alijifuta mikono kwenye suruali, akaangalia pembeni.

"Karibu, mkubwa."

Njia nzima Abdihakim alikuwa amejiandalia maneno, na neno mwizi lilikuwa la kwanza. Badala yake aliinua tu ile sufuria na kumwonyesha sikio la kushoto.

"Si wewe ulinipa?" Wepukhulu alisema. "Mke wangu hata hajaipikia. Kaboni ilikubana ukanitoa, sasa mimi ningeenda wapi? Nilitafuta mahali haijafika." Akasita. "Hata wewe ungekuja tu, mkubwa. Nafasi iko."

Hasira ilimpanda Abdihakim mpaka macho yakamwasha. Alimkasirikia Wepukhulu, akajikasirikia mwenyewe kwa ule ukarimu wake, na zaidi aliwakasirikia wenye akili walioitunga ada, waliofunga dirisha wasiingiliwe na moshi na kuacha mlango wazi. Lakini angemfokea nani? Mto?

"Imeiva," Wepukhulu alisema ghafla, akigeukia tanuri. "Na Hesbon, mshika chungu wangu, ameshikwa na malaria."

Abdihakim alitazama ndani ya chungu cha kuyeyushia. Aluminiamu ilikuwa imeiva kweli, inang'aa, na ikiachwa zaidi ingeharibika, sufuria zitoke na vitundu. Chungu kile hakibebwi na mtu mmoja. Mpini wa upande wa pili ulikuwa mtupu.

Aliweka sufuria chini, akakunja mikono ya shati, akaushika.

"Polepole upande wako," alisema.

"Nimekupata."

Wakamimina. Moshi ulipanda juu ya mahindi, upepo ukaudaka, ukauvusha mto kuelekea Kitale bila kusimama popote. Nyuma yao Jentrix alikuwa ameshaanza kuchagua, na Abdihakim, uzito wa chungu mikononi, alisikia kifundo cha kidole kikigonga sufuria ya kwanza, kisha ya pili, na safari hii hakusikia ikirudishwa chini.