Wa Pili kwenye Orodha

Nimeshika funguo za jengo la Idara ya Kijerumani, chuo kikuu chetu hapa Ujerumani, miaka thelathini na moja. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano. Ninachojua nimekiokota kwenye vitabu wanavyovitupa maprofesa wakihama vyumba. Kwa hiyo mtu asiniambie sijui wanavyofanyiana wasomi.

Wiebke Harms alikuwa na kila kitu isipokuwa kazi. Alikuwa na udaktari, kitabu cha pili kinene kama tofali, na hati yenye muhuri kwamba anafaa kuwa profesa. Sheria ya wenye hati hiyo ni moja: kila muhula ufundishe darasa moja bure. Ukiruka, hati inafutwa, na bila hati huitwi na chuo chochote. Basi kila Jumatano mchana, kwa miaka saba, Wiebke alifundisha fasihi bure katika chumba namba kumi na nne, kule chini kwenye mitambo ya kupasha joto. Mkate wake aliupata kwa kuwafundisha Kijerumani manesi wageni, kwa mikataba ya miezi minne minne.

Akiwa na miaka arobaini na tisa, chuo cha mji mwingine kikatangaza kiti cha uprofesa. Alikwenda kutoa mhadhara wa majaribio, akarudi anacheka. Sisi huko madarasani hatupigi makofi, tunagonga meza. Aliniambia walimgongea mpaka vikombe vikacheza. Septemba kamati ikamweka wa pili kwenye orodha: wa kwanza akikataa, anaitwa yeye. Wa kwanza alikuwa Lennart Seiffert, ambaye tayari ni profesa katika mji mkubwa.

Na kila mtu alijua Seiffert haendi popote. Profesa akiitwa kwingine huipeleka ile barua kwa wakubwa wake: niongezeni, la sivyo naondoka. Wanamwongezea msaidizi, mshahara, chumba chenye madirisha mawili. Mchezo huo ni halali na huchukua mwaka mzima, huku yule wa pili kwenye orodha amekaa anangoja simu. Mkuu wa idara yetu, Ottmar Brüggen, aliucheza mwaka tisini na nane. Mimi ndiye niliyempandishia meza mpya ghorofani. Mwanamke aliyekuwa wa pili nyuma yake aliitwa Almut Resch. Siku hizi anauza miwani. Brüggen amemsahau, mimi sijamsahau.

Februari shule ya manesi ikampa Wiebke ajira ya kudumu, Jumatatu hadi Ijumaa. Akamwomba Brüggen alihamishie darasa lake la bure Jumamosi. Brüggen alikataa kwa upole, kama anayemfunika mtu blanketi.

“Bi Harms, mtu aliye kwenye orodha hawi mwalimu wa manesi. Wakisikia tu, watakuruka. Vumilia kidogo.”

Wiebke alinisimulia dirishani kwangu, pale ninapotolea funguo. Nikamwambia achukue kazi, kidogo ya yule bwana ni miaka.

“Wewe Detlef, kwako kila profesa ni mwizi.”

“Haya, nitajie ambaye siye.”

Akacheka, akataja marehemu wawili. Kazi ya manesi akaikataa.

Seiffert alijibu Novemba, miezi kumi na minne tangu orodha itoke. Anashukuru sana, anabaki alipo. Siku hiyo Wiebke aliniletea keki ya boga, tukaila na kahawa yangu mbaya, akaniuliza kama najua watu wa kuhamisha vitabu. Baada ya wiki tatu barua ikaja: orodha imefungwa, kiti kimefutwa, fedha zimepelekwa kwenye masomo ya kompyuta. Alishapita hamsini, na serikali za majimbo hazipendi kumpa mtu wa umri huo kazi ya maisha. Ile nafasi ya manesi ilishapata mwenyewe.

Jumatano iliyofuata nilimfungulia chumba namba kumi na nne. Wanafunzi wanne. Alifundisha mpaka dakika ya mwisho, nao wakagonga meza. Alikusanya karatasi zake taratibu huku wakigonga, hakuinua uso.

Brüggen alikuwa anamsubiri ukumbini. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Pole sana, Bi Harms. Ulifika karibu mno.” Kisha akatoa fomu mfukoni. “Na lile darasa lako la muhula wa kiangazi, niandikie kichwa chake hapa. Ratiba inakwenda kuchapwa Ijumaa.”

“Usiandike, Wiebke,” nikasema, mbele yake huyo huyo Brüggen.

Wiebke aliipokea fomu.

“Nisipoandika, Detlef, nitakuwa nani?”

Akaiweka fomu ukutani, akapapasa mifuko ya koti lake, hakupata kitu. Miaka thelathini na moja ya vipeperushi, mikutano na kelele zangu za chama cha wafanyakazi dhidi ya mambo haya haya, na siku hiyo akanyoosha mkono kwangu kuniomba kalamu.

Nikampa.