Queen Alipopelekwa Kuachishwa Ziwa

Ubaya wa uongo wa Justa ni kwamba ulikuwa uongo mzuri. Godoro la watoto likikutwa limelowa, alisema ni Queen, na nani atamgombeza mtoto wa mwaka na nusu kwa kukojoa? Mumewe, Nestory, akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku alinung'unika tu, akaenda kulala. Godoro likaanikwa uani pale Pasiansi, maisha yakaendelea.

Aliyekuwa akikojoa ni Obedi, miaka sita, mtoto ambaye Justa alikuja naye kwenye ndoa baada ya kufiwa na mume wa kwanza. Nestory alishasema mapema: nitamlisha, nitamsomesha, ila kikojozi sifugi. Siku akilowesha godoro langu, arudi Busisi kwa baba yake mkubwa. Na huyo baba mkubwa, jamani, ni mlevi wa kupindukia, mke mwenyewe alimkimbia kwa kipigo. Mama gani angepeleka mwanawe pale kwa moyo mweupe?

Justa alijaribu yote. Alimnyima maji tangu jioni, alimwamsha usiku, alimwombea. Muuguzi wa zahanati akamwambia wengi huacha wenyewe wakikua, asimpige, asimwaibishe, avumilie. Sawa. Yeye angevumilia hata miaka kumi, lakini nyumba haikuwa yake.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Buhongwa kumchukua Queen, akamwachishe ziwa huko kwake. Ndivyo watu wafanyavyo, mtoto asipoliona ziwa hulisahau. Justa angekataa kwa sababu gani? Alimfungia nguo, akawasindikiza.

Kesho yake Nestory aliingia chumba cha watoto kutafuta chaja. Akagusa godoro, chepechepe.

"Queen yuko Buhongwa," alisema taratibu. "Huyu ni nani?"

Obedi alikuwa amesimama ukutani, kichwa chini.

"Ni mimi," Justa alisema, uso mkavu. "Nililala humu na mtoto. Homa ilinizidi, nikajikojolea."

Nestory alisita. Alikaribia kabisa kuamini, Justa aliona. Kisha akaangua kicheko.

"Mtu mzima, mama wa watoto wawili. Majirani wakisikia je?"

Akaendelea kucheka. Obedi hakuweza kuvumilia mama yake achekwe.

"Baba, siyo mama," alisema. "Ni mimi. Usimcheke."

Nestory hakupiga, hakufoka, na heri angefoka. Alisema tu nguo za mtoto zifungwe, anaondoka leo hii. Justa alipiga magoti, akalia, akamshika miguu. Nestory akajinasua, akatoka kwenda kuita bodaboda.

Justa alikuwa akikunja mashati kwenye mfuko wakati Obedi alipomsogelea. Hakuwa akijua lolote kuhusu lile sharti la Busisi.

"Mama, si nimefanya vizuri kusema ukweli?"

Justa akamwambia ndiyo, mwanangu, umefanya vizuri.