Boga la Jalalani

Marlys alikata kipande cha boga bichi, akakilamba. Hakusikia kitu. Akakilamba tena, akakitafuna kabisa. Wapi! Ilikuwa sawasawa na kulamba ubao wa kukatia.

Marehemu mumewe, Orrin, hakukubali boga lililojiotea liingie jikoni kabla halijalambwa. "Likiwa chungu, litupe mbali, hata nguruwe wasilione," alikuwa akisema, maana boga likichanganya mbegu na mamumunye ya mapambo huweza kutoka na sumu. Na hili lilijiotea jalalani, pale pale Marlys alipotupa mamumunye ya mwaka jana baada ya sikukuu ya mavuno. Lakini lilikuwa zuri jamani, limeiva vizuri, na yale ya bustanini kulungu walikuwa wameyamaliza yote.

Haya, kulamba amelamba. Taabu ilikuwa ulimi wenyewe. Tangu ile homa ya kiangazi, ulimi wa Marlys ulikuwa umekufa: kahawa maji ya moto, asali gundi. Hakumwambia mtu. Mwanawe Wendell alishaanza maneno yake ya nyumba ya wazee tangu siku mama aliposahau jiko likiwaka. Akilisikia na hili, atamfungashia virago kabla theluji haijaanguka. Basi akajiambia kwamba kama hausikii uchungu, uchungu haupo. Akaliwasha jiko la kuokea.

Boga lilipoiva alilichanganya na majani ya sukuma aliyokwisha kuyafikicha kwa chumvi, akatia matufaha, jibini ya mbuzi, siki, na asali bila kupima. Saladi hiyo alimtengenezea hasa Corinne, mke wa Wendell. Corinne alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya mbili kuharibika, na nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa kunyata.

"Mama, mimi na boga hatusalimiani tangu utotoni," Wendell alisema mezani, akichagua matufaha peke yake.

"Kula, acha maneno," Marlys alimjibu.

Corinne alitafuna polepole, akameza kwa shida, akatabasamu. "Ina ladha ya aina yake, Mama."

Uma wa Marlys ukaganda hewani. Huko kwao Minnesota watu husifu hata mkate ulioungua. Ukisikia chakula kina ladha ya aina yake, ujue kimemshinda mtu. Alitaka kuuliza, lakini angeulizaje bila kujifichua, na Wendell ameketi pale pale, masikio wazi? Akachoma kipande cha boga, akala akitabasamu, akachoma na kingine. Corinne alimtazama kidogo, kisha akaendelea kula.

"Ongeza, mwanangu," Marlys akasema. Lahaula, kwa nini alisema vile? Hofu ilimshika mpaka hakujua anachosema. Na Corinne, kwa adabu zake, akaongeza na akamaliza sahani.

"Hebu onja hata kimoja, mwoga we," Corinne akamtania mumewe.

Wendell aliuma kipande, akakitema papo hapo. "Mungu wangu! Shubiri hii! Mnaimezaje?" Alikuwa anacheka. Kicheko kilikatika alipomwona mkewe ameinama, mikono tumboni.

"Linanikata," Corinne alisema. "Wendell, tumbo linanikata."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Marlys: majani yamekomaa, siki imezidi. Akautazama mkono wa yule binti juu ya tumbo lile.

"Boga lina sumu," alisema. "Mpeleke hospitali, sasa hivi!"

"Si huwa unayalamba kwanza?"

"Nililamba! Ulimi wangu umekufa, Wendell, tangu kiangazi sisikii kitu. Washa gari!"

Njiani Corinne alitapika ndani ya bakuli lile lile la saladi. Marlys, kiti cha nyuma, alimshikia nywele, na sala yote ilimpotea isipokuwa maneno mawili: siyo huyu, siyo huyu. Wendell alizidi kukanyaga mafuta.

Hospitalini muuguzi alipitisha kidude tumboni akiutafuta moyo wa mtoto. Akatafuta kushoto, akatafuta chini, akakipaka mafuta upya. Marlys alijiona anakufa amesimama. Kisha ukasikika, du-du-du-du, mbio kama wa kuku aliyefukuzwa. Wendell akaenda dirishani, akawapa mgongo, akalia.

Corinne alipotundikiwa dripu, Marlys akasogea kitandani. "Hukuusikia ule uchungu?"

"Tangu tonge la kwanza."

"Sasa mbona ulikula, mwanangu?"

"Nilikutazama wewe, Mama. Ulikuwa unakula zako, umetulia kabisa. Nikasema basi ni mimba hii, imeniharibu ulimi."

Marlys alishika chuma cha kitanda. Tumbo lake lilikuwa linamsokota tangu garini, naye alikuwa ameliumia meno, kimya, asije akaonekana mgonjwa mbele ya mwanawe. Alimtazama pale dirishani, mgongo wake mpana kama wa Orrin, na hofu ya nyumba ya wazee ilikuwa ingali pale pale, haijapungua hata chembe.

"Wendell," aliita. "Mwanangu, na mimi naumwa."